Bangili Zilizokuwa Horini

Bunda, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Wegesa, binti yangu,

Habari za tranka, za kufunga godoro kwa kamba mbili, za kutoshuka hovyo kwenye treni kabla ya kufika Tabora, zote atakwambia mama yako, naye huzisema vizuri kuliko mimi. Mimi nimebaki nyumbani kwa makusudi. Nyinyi wawili mmekwenda Musoma kufuata hilo godoro, bibi yako, aliyekuja kukuaga, ameketi uani anachambua maharage, na mimi nina saa tatu au nne za kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka mitano. Nalitaja mapema ili usisome kwa kubahatisha: asubuhi ya leo nilimdanganya bibi yako mbele yako, wewe ulitambua kuwa nadanganya, na hukusema neno. Uongo wangu unanitia aibu. Ukimya wako unanitisha.

Utakumbuka ilivyokuwa. Tulikuwa tunakunywa chai. Bibi alikushika mkono, akazungusha vidole vyake kwenye kifundo cha mkono kama anayepima, kisha akaniuliza kwa nini mtoto anaondoka mkono mtupu. “Zile bangili za mama yangu ziko wapi? Hii ndiyo ilikuwaga siku yake.” Nikamjibu kuwa ziko ofisini, zimehifadhiwa kama vielelezo, na kwamba nitazifuatilia. Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia mikutanoni. Wewe ukaniangalia, ukashusha macho kwenye kikombe, ukaendelea kunywa. Haziko ofisini, Wegesa. Hazijawahi kufika huko.

Lazima nikueleze kwanza mtu aliyezichukua alikuwa wa namna gani. Nilikuzaa nikiwa na miaka ishirini, karani wa kupima pamba. Niliporudi kutoka Morogoro na shahada ya udaktari wa mifugo, wewe ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa unaishi kwa bibi Butiama, kwa kuwa hapa Bunda mwaka ule unga ulikuwa wa kupangiwa foleni na sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nilikuwa nimesoma mno: magonjwa ya ng’ombe, falsafa, historia za nchi za watu, hadi kipande cha gazeti kilichofungiwa kitumbua. Nilibishana na katekista juu ya mwanzo wa dunia, na Mama Zubeda jirani yetu juu ya sababu za bidhaa kutoweka madukani, ingawa yeye ndiye mfanyabiashara na mimi sijawahi kuuza hata kiberiti. Nilibishana ili mwishoni nibaki nimesimama peke yangu. Kujua ukweli lilikuwa jambo la pili, na wakati ule sikuiona tofauti.

Ndivyo nilivyokuwa siku nilipoliona hori la bibi yako. Unalijua kuliko mimi: lile gogo lililochimbwa katikati, nyuma ya nyumba, penye mawe makubwa. Mbuzi wakiwa na mimba, bibi alimimina humo machicha ya pombe yaliyochacha, akatia chumvi, akatumbukiza bangili nne nene za shaba alizoachiwa na mama yake. Zilikaa humo wiki nzima. Nilipoinama nikaona utando wa kijani umeelea juu, nikauliza ni nini. Akasema ni chakula cha wenye mimba, ili watoto wakaze miguu.

Nilicheka. Kisha nikatoa mhadhara, pale pale, mbele yako na mbele ya mbuzi. Nilimwambia mama yangu kwamba shaba ni sumu. Kwamba mimi mwenyewe nimempasua kondoo aliyekufa kwa shaba na nyama yake yote ilikuwa ya manjano kama iliyopakwa bizari. Ilikuwa kweli, na nakuomba utazame vizuri mahali hapo, kwa sababu watu hudhani msomi hukosea anapokuwa hajui. Mimi nilikosea nikiwa na ukweli mkononi. Shaba huua kondoo. Lakini wale walikuwa mbuzi, na malisho waliyokulia, kama tulivyokuja kujua, hayakuwa na shaba ya kuwatosha. Nilikuwa na jibu zuri la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Nilizitoa bangili, nikazisuuza, nikamwambia bibi nazipeleka zikapimwe. Hakunizuia. Aliniambia tu nisizikawize, maana mbuzi walikuwa na miezi miwili ya mimba.

Sasa nakuandikia lile ambalo hakuna anayelijua. Pikipiki ya kazi ilikuwa imekufa bushi ya gurudumu la nyuma, ile pete ya ndani inayozunguka na ekseli, na vipuri havikuwepo Bunda, Musoma wala Mwanza. Fundi mmoja wa Musoma, Hamisi, alikuwa akiyeyusha mabomba makuukuu na kuchonga vipuri kwa mikono. Nusu ya magari ya mkoa yalitembea kwa vidole vyake. Aliniambia nilete shaba. Nilipomtolea zile bangili, alizipima kiganjani kwa muda, kisha akazisogeza kwangu juu ya benchi.

“Mwenyewe anajua?”

“Mwenyewe ni mimi,” nikamjibu.

Nilikaa hapo kibandani nikaziona zikilegea, moja ikaelemea nyingine, kisha zikawa kitu kimoja kinachong’aa. Jioni nilirudi Bunda nimepakata ujinga wangu kwa raha kabisa. Pikipiki ilikwenda vizuri. Kwa karibu miaka minne nimepanda nayo Butiama, nimekwenda nayo Mugeta kuchanja ng’ombe, na wewe umekaa nyuma yangu mara nyingi, chini yako vikizunguka vitu vilivyotakiwa kuwa mkononi mwako.

Mbuzi walizaa mwanzoni mwa mvua. Nilikuja siku ya nne, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba zizi lilikuwa kimya. Zizi lenye watoto wachanga halinyamazi, wewe unajua. Vitoto saba vilikuwa vimesimama vimetanua miguu, kama watu waliosimama ndani ya mtumbwi, na vichwa vyao vilikuwa vinatikisika taratibu, vyote kwa pamoja, kana kwamba vinakataa kitu kilichosemwa na mtu nisiyemwona. Kimoja kikaanza kumwendea mama yake. Kadiri kilivyokaribia chuchu ndivyo kichwa kilivyozidi kutikisika, hadi kikaikosa kabisa na kunyonya hewa pembeni yake. Kilinyonya hewa kwa bidii, koo likimeza. Kingine kilianguka kwa ubavu wa kulia, kikainuka, kikapiga hatua mbili, kikaanguka tena mahali pale pale. Kikainuka. Wewe ulikuwa umechuchumaa ukutani, na uliniambia bila salamu kuwa hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja tangu uanze kuhesabu. Nilisimama nikaona ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Ungesema palikuwa na shimo ardhini ambalo kitoto kile peke yake ndicho kilikuwa kinaliona, na kila kilipotoka kilisahau kuwa lipo.

Hapo ndipo uliposema, na nayakumbuka maneno yako yote.

“Baba, wa mwaka jana walikunywa bangili, hawaanguki. Hawa hawakunywa. Rudisha bangili.”

Nilikuwa nimekuja na wenzangu wawili kutoka ofisini. Mmoja akatabasamu akamwambia mwenzake kwamba daktari ana msaidizi. Hilo tabasamu lilitosha. Ningeweza kukuambia unisubiri nifikirie; ningeweza hata kunyamaza. Nilikugeukia nikakuambia, “Ukipata digrii ndipo unisahihishe.” Wale wenzangu wakacheka. Wewe ukasimama, ukajikung’uta vumbi, ukasema, “Sawa, Baba.”

Nimesikia “Sawa, Baba” hiyo kwa miaka mitano.

Tulichinja vitoto vitatu ambavyo visingeishi. Nilivipasua kwenye meza ya bibi, chini ya mawe yale, na nakueleza nilichokitafuta kwa sababu tangu siku hiyo sijaacha kukifikiria, na kwa sababu sijui namna nyingine ya kukueleza nilichokutendea.

Nyuma ya fuvu, juu kidogo ya kisogo, kuna ubongo mdogo. Umekunjwakunjwa kama kabichi iliyopasuliwa, na kazi yake ni kuunyosha mwendo: mguu utue pale ulipokusudiwa, mdomo ufike kwenye chuchu. Chini yake liko shina la ubongo, ambalo watu hulidharau kwa kuwa linafanana na kamba nene tu. Ndani ya shina hilo, karibu na linapoungana na uti wa mgongo, kuna kifundo cha seli za neva kilichojikunja kama kifuko kilichosinyaa. Seli za kifundo hicho hutoa nyuzi. Nyuzi zinavuka upande wa pili, zinapanda hadi kwenye ubongo mdogo, na kila uzi unatafuta seli kubwa na kuizunguka matawi yake yote kama mmea mtambaazi unavyoukumbatia mti. Kila seli kubwa ina uzi mmoja tu wa namna hiyo. Zipo nyuzi nyingine maelfu kwa maelfu zinazoinong’oneza seli hiyo hiyo mchana kutwa, habari za misuli na za viungo, na seli huzisikiliza kama mtu anavyosikiliza soko. Uzi ule mmoja haunong’onezi. Unaposema, seli nzima inashtuka.

Na unasema nini? Wataalamu wanabishana, nami nimebishana nao kwa barua. Wapo wanaosema unapiga saa tu, unapanga misuli ianze kwa pamoja. Mimi nipo upande wa wanaosema unaleta habari ya kosa: mguu haukutua ulipotakiwa, rekebisha. Mnyama akiharibiwa kifundo kile, huyumba kama aliyeondolewa ubongo mdogo wenyewe, ingawa ubongo huo haujaguswa. Na hata akipata nafuu, akatembea, hajifunzi tena. Ukimbadilishia ardhi, ataendelea kuikanyaga ile ya zamani.

Kinachonitia baridi ni hiki. Seli za kifundo hazilali kabisa. Mnyama akiwa ametulia, amefumba macho, zinapiga polepole, kama mara moja kwa kila sekunde, kama mlinzi anayegonga chuma kuonyesha yuko macho. Na mwenye mwili hapewi taarifa. Hivi sasa ninapoandika, kuna kitu kisogoni mwangu kinajua kabla yangu kwamba mkono umeteleza, na kinatuma neno juu, na mkono unarudi kwenye mstari, nami najidanganya kwamba ninaandika vizuri.

Sikuona lolote kwa macho pale mezani. Ubongo mdogo wa vile vitoto ulikuwa mzuri, mweupe, umekunjwa sawasawa. Niliwaambia wenzangu kwa ushindi kwamba tatizo haliko hapo. Vipande vilikwenda maabara Mwanza, na baada ya miezi barua ikarudi: seli kubwa nyingi hazikuwepo, mahali pake palikuwa patupu, katika shina seli nyingine zilikuwa zimevimba na kupauka, na maini hayakuwa na shaba ya kutosha. Niliisoma barua hiyo nikiwa nimekaa juu ya pikipiki. Niliisoma mara mbili, kisha nikashuka, nikasimama mbali nayo kidogo, kama inayoweza kunisemesha.

Usifikiri niliokoka hapo. Niliagiza mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba ambayo wakulima wa kahawa wa Tarime huipulizia mibuni, nikaipima kwa kiasi kidogo sana, nikawapa mbuzi wenye mimba. Msimu uliofuata watoto walisimama. Nikaandika ripoti. Ndani yake nilitumia neno “niligundua” mara nne. Bibi yako sikumtaja, hori sikulitaja, na mtoto wa miaka tisa aliyeona jambo zima akiwa amechuchumaa ukutani hakuwepo. Ripoti ilisomwa kwenye semina Musoma, nikapigiwa makofi, na nyumba hii tunayokaa tulipewa mwaka ule. Ulipokuja kuishi nasi uliikuta. Uliniuliza chumba chako ni kipi, hukuuliza kingine.

Ukweli ni kwamba nilidhani umekuwa mtiifu. Niliwasifia watu utulivu wako. Nilianza kuelewa siku ile tulipopotea Guta. Nilikuwa nakutoa Butiama baada ya likizo, nikakata njia ya mkato nikitaka kumwona mfugaji mmoja, nikaenda, nikaenda, hadi njia ikafa kwenye matete, ziwa likiwa mbele yetu limetulia kama bati, na petroli ikaisha. Hapakuwa na mtu. Matete yalikuwa yanacheza bila upepo. Nilikuuliza kama uliwahi kupita huku. Ukasema ndiyo, mara mbili, na bibi, mlipokwenda kununua sangara wa kukausha. Ukaongeza kuwa njia ya Bunda tuliiacha kwenye mti uliopigwa radi. Nikauliza kwa nini hukusema. Ukanijibu kwa adabu kabisa, “Hukuniuliza, Baba.”

Tulisukuma pikipiki hadi barabarani. Wewe ulisukuma nyuma, na muda wote nilikuwa nasikia pumzi yako bila neno. Nikawaza: huyu mtoto anaweza kuniona nikitembea moja kwa moja hadi majini, na atanifuata. Nilikuwa nimekata uzi. Nimeendelea kutembea tangu siku hiyo ya zizini, nimepanda cheo, nimesema mikutanoni, nami naanguka mahali pale pale, na aliyekuwa akihesabu ameacha kuhesabu kwa sauti.

Naweza kujitetea. Ningekuwa wewe ningetaka kusikia utetezi, nije niubomoe. Ningesema mwaka ule kazi isingefanyika bila pikipiki, na pikipiki isingetembea bila bushi. Ng’ombe wa Mugeta waliochanjwa ni wengi kuliko vitoto saba. Nimeipima hoja hiyo na nikaona ina kasoro moja: ningeweza kumwomba bibi, na huenda angenipa. Nilitaka kuchukua bila kuomba kwa sababu kuomba kungekuwa kukiri kwamba zile bangili zilikuwa kitu.

Na ile bushi haipo tena, usije ukaniuliza. Mwaka jana, vitu vilipoanza kurudi madukani, Mama Zubeda aliniletea bushi mpya ya kiwandani ndani ya karatasi ya mafuta. Ile ya shaba ilipotolewa ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, ikavunjika mkononi mwa fundi, akaifagia pamoja na takataka nyingine. Shaba nyingine yote imelika barabarani, unga kwa unga, kutoka hapa hadi Butiama.

Nimeinuka nikaacha kuandika kwa muda. Nimekwenda uani nikakaa chini, mbele ya ungo wa maharage, nikamweleza bibi yako yote niliyokuandikia: fundi, moto, bushi, ofisi ambayo haikuwahi kuzipokea, na ripoti. Nilijiandaa kwa laana. Aliendelea kuchambua. Alitupa mawe mawili, akatupa punje iliyotobolewa. Kisha mikono yake ikasimama.

“Nilikuwaga nakaa mlangoni jioni,” akasema, “nasikia pikipiki yako inapanda mlima. Mwili unanisisimka. Nikawa najiuliza, mbona huu mlio naujua?” Akaokota punje nyingine. “Kumbe alikuwa ni mama anakuja.”

Nilimwuliza kama atanisamehe. Akasema hilo siyo swali lake; mkono uliobaki mtupu ni wa Wegesa, nikamwulize Wegesa. Halafu akaniuliza kama wewe ulijua. Nikasema ulijua kuwa nadanganya, ila hukujua bangili zilikokwenda. Akatikisa kichwa, akasema nimesoma mno kumjua mbuzi na sijamjua mtoto: ulimwambia habari za bangili tangu ukiwa na miaka kumi. Ulikwenda na mimi Musoma siku moja, ukakaa kibandani kwa Hamisi nikiwa posta, na fundi akakuuliza kama mwenyewe wa zile bangili alikubali ziyeyushwe. Ulirudi ukamwambia bibi peke yake. Mkakubaliana msiniambie kitu.

Kwa hiyo asubuhi ya leo bibi hakuwa anauliza. Alikuwa ananipa nafasi, na mlikuwa wawili mnaosubiri. Nimekaa hapa tangu hapo, na mkono unatetemeka kadiri kalamu inavyokaribia karatasi.

Nimeandika barua kwa ofisi ya mkoa kusahihisha ile ripoti. Imetaja hori, machicha, bangili, jina la bibi na jina lako, na umri wako wa wakati ule. Kesho ukifika Mwanza utaisoma kabla ya kuitia posta. Sikupi kazi hiyo kama adhabu wala kama zawadi. Nataka tu isitoke mkononi mwangu bila kupita mbele ya macho yako.

Barua hii yako pia haijakamilika. Nimeiandika kutokana na kumbukumbu ya mtu ambaye hakusahihishwa kwa miaka mitano, na kwa hiyo najua imekosewa, ila sijui wapi. Huenda vitoto vilikuwa sita. Huenda nilisema neno baya kuliko lile ninalolikumbuka, au siku ile hukujikung’uta vumbi bali ulifuta macho. Upande wa kushoto wa kila ukurasa nimeacha nafasi ya vidole vinne. Chukua kalamu nyekundu, andika hapo, unirudishie.

Ukiirudisha bila alama hata moja, nitajua nimechelewa.

Baba yako